Tulipoletewa Isale

Ukipita katika vihamba vya Kilimanjaro, kati ya migomba na mikahawa, utaona mmea mwembamba wenye majani marefu umepandwa kwa mstari. Wageni hudhani ni ua la kupamba nyumba. Sisi Wachagga tunauita isale, na ikiwa ni mingi tunasema masale. Kazi yake ya kwanza ni kuonyesha mpaka: huku kwako, huku kwa jirani. Mtu anayeng'oa masale usiku ili asogeze mpaka ametenda jambo baya sana machoni pa wazee. Kazi yake ya pili ni msamaha. Aliyemkosea mwenzake huchuma jani la isale, akaenda nalo mpaka kwa yule aliyemkosea, na mara nyingi hufuatana na mzee wa kuheshimika wa ukoo. Aliyeletewa isale hana budi kuketi na kusikiliza. Desturi hii ni ya zamani kuliko kanisa kwetu, na kanisa lilipokuja halikuiondoa.

Mwezi huu tumeombwa kuandika juu ya kumsamehe mtu aliyekuumiza. Sisi tunaoandika ni wanawake watatu, watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Tumeandika kwa pamoja, tukisomeana kila kipande, na pale ambapo hatukukubaliana tumeacha vivyo hivyo. Mtu tunayemtaja humu hatutamtaja jina. Ana watoto, na watoto wake ni ndugu zetu.

YALIYOTUPATA

Baba yetu alifariki mwaka 1994. Hakuacha mtoto wa kiume. Siku ya kuanua matanga ukoo uliketi, ukamteua mdogo wake, yaani baba yetu mdogo, awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao ukaandikwa, ukapelekwa mahakama ya mwanzo, na hapakuwa na aliyenung'unika. Alikuwa mtu wa heshima, mzee wa usharika, na ndiye aliyesoma neno siku ya mazishi.

Mwaka haukupita. Kahawa ya kihamba chetu ikaanza kuvunwa na watu wake na kupelekwa chama cha msingi kwa jina lake. Shamba letu la mahindi kule tambarare, ekari tatu, likauzwa. Mama akaachiwa nyumba, lakini migomba iliyoizunguka nyumba ikahesabiwa kuwa mali ya ukoo. Msomaji asiyetoka uchagani huenda asielewe uzito wa jambo hili. Kwetu mgomba ndio chakula, ndio mbege ya sherehe, ndio malisho ya ng'ombe zizini, na tangu zamani mama wa nyumba ndiye mwenye kauli juu ya ndizi. Mwanamume huuza kahawa. Ndizi ni za mama. Sasa mama yetu, aliyeipanda baadhi ya migomba ile kwa mikono yake, ilimpasa kumwendea shemeji yake kuomba mkungu. Siku nyingine alipewa. Siku nyingine aliambiwa arudi kesho, naye alirudi kesho.

Mkubwa wetu alikuwa ameolewa Tanga. Wa kati alikuwa amemaliza kidato cha nne. Mdogo wetu alikuwa kidato cha pili. Ada ikakosekana, na mwaka 1995 akapelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa watu. Alikuwa na umri wa miaka 16. Tunamwomba msomaji aliweke hilo akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Watu walituambia ndivyo mila ilivyo. Na ni kweli kwamba tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti katika daraja la tatu la urithi, na mjane halikumpa fungu iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Ilidhaniwa kwamba watoto watamtunza. Lakini mambo yalikuwa yameanza kubadilika hata kabla ya msiba wetu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake kisha akaliuza. Mpwa wake alitaka mauzo yabatilishwe kwa kuwa aliyeuza ni mwanamke. Jaji akasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ambayo inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Hayo yote mama aliyasikia kwenye semina ya akina mama, akiwa na daftari la mjukuu wake mapajani, akiandika kwa penseli.

“NIMEMSAMEHE, NA JUMATATU NAENDA MAHAKAMANI”

Kabla ya kwenda popote, mama alipeleka jambo lake kwa wazee wa usharika, kama Mtume Paulo anavyoagiza katika 1 Wakorintho 6, waumini wasikimbilie kushtakiana kwa mahakimu. Wazee walikuwa watu wema. Walimsikiliza, wakamwombea, wakamwambia asamehe na kusahau. Ikumbukwe kwamba aliyelalamikiwa alikuwa ameketi nao siku zote katika benchi moja. Paulo katika sura ile ile anauliza kama kweli hakuna kati yao hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kuamua neno la ndugu na ndugu. Mama alisema hilo ndilo swali lake pia.

Basi akasimama, akawaambia wazee neno lililosemwa na watu kijijini kwa miaka mingi: kwamba shemeji yake ameshamsamehe, na Jumatatu anakwenda mahakamani. Wengine walicheka. Wengine walichukia, wakisema mtu hawezi kusamehe na kushtaki kwa wakati mmoja. Sisi wenyewe tulimwuliza jikoni, wakati anamenya ndizi, inakuwaje. Akatujibu kwamba hasira yake ameikabidhi kwa Mungu, maana ilikuwa inamnyima usingizi, lakini kihamba ni cha wanawe na hana ruhusa ya kukigawa kwa niaba yao. Kisha akauliza, “Na huyu shemeji yangu, nikimwacha ale mali ya yatima mpaka afe nayo, nitakuwa nimempenda?”

Tumeyafikiri maneno yale kwa muda mrefu, na tunaona Maandiko yanamuunga mkono. Katika Hesabu 27 kuna mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani, hakuacha mwana wa kiume, nao wakaenda wakasimama mbele ya Musa na kuhani na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao. Musa hakuwaambia wasamehe wakae kimya. Aliwapelekea shauri lao mbele za Bwana, na jibu likaja kwamba mabinti wale wamesema haki. Tena katika Walawi 6, mtu aliyemdhulumu jirani yake aliamriwa arudishe kile alichochukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na siku ile ile alete sadaka yake. Zakayo naye, katika Luka 19, alisema atarudisha mara nne. Hakuna aliyemwambia, “Yaache hayo Zakayo, umeshasamehewa.”

Kwa hiyo tunaposikia akina mama wakiambiwa kwamba kusamehe ni kuacha kila kitu kipotee, tunasikitika. Na kuna jambo zito kuliko shamba. Mwanamke anayepigwa na mume wake anaweza kumsamehe akiwa salama nyumbani kwa wazazi wake. Hakuna andiko linalomtaka arudi ndani akavunjwe mkono mwingine ili athibitishe kwamba amesamehe. Aende kituo cha polisi penye dawati la jinsia na watoto, apate hati ya matibabu, ahifadhi uhai wake na wa watoto. Moyo wake na Mungu watazungumza baadaye. Hilo tumelisema kwa haraka, lakini tunalisema kwa mkazo.

Shauri la mama lilianza mwaka 2004. Msimamizi wa mirathi kwa sheria hupaswa kuorodhesha mali na kutoa hesabu mahakamani jinsi alivyoigawa. Yetu hakikuwapo hata kipande cha karatasi. Tarehe zikapigwa kalenda, zikapigwa tena. Gari la asubuhi la kwenda mahakamani lilikuwa moja tu, kwa hiyo mdai na mdaiwa walisafiri pamoja, wakisalimiana kwa adabu, mmoja kiti cha mbele na mwingine cha nyuma. Siku moja baba mdogo alikuwa na noti kubwa na kondakta hana chenji. Mama akamlipia nauli. Wakashuka, wakaingia mahakamani, na mama akaeleza mbele ya hakimu bila kupunguza neno jinsi alivyonyang'anywa.

Mwaka 2006 mahakama ilimwondoa katika usimamizi, kihamba na nyumba vikarudi kwa mama na kwetu. Lile shamba la tambarare lilikuwa limekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine na lingehitaji kesi nyingine, tuliliacha. Mama alivuna kahawa yake mwaka ule. Alifariki mwaka 2008, akazikwa katika kihamba chake.

JANI MLANGONI

Kila Desemba, kama inavyojulikana, Wachagga hurudi nyumbani. Desemba 2012 tulikuwa wote watatu nyumbani kwa mama. Siku mbili kabla ya Krismasi, jioni, tulisikia hodi. Alikuwa mzee mmoja wa ukoo, na nyuma yake baba mdogo, akitembelea fimbo. Kisukari kilikuwa kimempunguza sana na mguu mmoja ulikuwa umefungwa bandeji. Mkononi alikuwa na jani la isale.

Tulimwamkia. Akaitikia, akabaki amesimama mpaka mkubwa wetu alipompa kiti. Mzee wa ukoo akasema machache, kwamba isale haikataliwi. Mdogo wetu akainuka akaenda jikoni. Hakuna aliyemzuia.

Baba mdogo alianza kwa kusema, “Wanangu, nimekuja kwa yale yaliyotokea.” Wa kati akamwambia kwa upole, “Baba, yataje.” Mzee wa ukoo alishtuka kidogo, maana si kawaida binti kusema hivyo. Lakini tulikuwa tumesikia misamaha mingi ya namna ile, kanisani na vikaoni: “kama nimekosa”, “kama kuna mtu niliyemkwaza”. Mtu anaweza kuomba msamaha wa namna hiyo kila Jumapili kwa miaka ishirini asifike popote. Basi akayataja. Alitaja shamba la tambarare na kiasi alichouzia. Alitaja kahawa. Alitaja ndizi, na hapo sauti ikamkatika, akasema alikuwa akimwambia mama arudi kesho hata siku ambazo ndizi zilikuwa zimeiva zinaangushwa na upepo. Hakutaja shule.

Mkubwa wetu akamwuliza juu ya mdogo wetu. Baba mdogo akatazama kuelekea jikoni. Akasema hakuwahi kulihesabu hilo. Kwa mawazo yake alikuwa amechukua mali ya kaka yake. Hakuwahi kufikiri kwamba alichukua shule ya mtoto. Tulimwamini, na kumwamini huko kulituuma zaidi kuliko kama angelidanganya.

Tulipokea lile jani. Mkubwa wetu ndiye aliyenyoosha mkono. Hakuhisi chochote kizuri wakati ule, alituambia baadaye. Alihisi jani baridi lenye maji ya mvua.

DAFTARI LA DENI

Usiku ule hatukulala. Tulifanya jambo ambalo huenda litawashangaza wasomaji: tulichukua daftari tukaandika deni. Ekari tatu. Kahawa ya misimu kumi na miwili, tangu 1994 hadi 2006. Ndizi hatukuweza kuzihesabu, tukaandika tu “ndizi”. Nauli za mahakamani. Dawa za mama.

Wazo hili tulilipata katika Mathayo 18, mfano wa mtumwa asiyesamehe. Wahubiri wengi hukazia kwamba yule mtumwa alisamehewa talanta elfu kumi naye akamkaba mwenzake kwa ajili ya dinari mia moja tu, na neno “tu” hulitia wao. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Dinari mia moja ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu. Mwulize mama yeyote anayeuza mboga sokoni kama mapato ya miezi mitatu ni kitu kidogo! Bwana Yesu hakusema kwamba deni la yule mwenzake lilikuwa bure. Alilipa tarakimu. Kisha akalipima na deni jingine ambalo hakuna kibarua angeweza kulimaliza hata angefanya kazi maisha elfu. Katika waraka kwa Filemoni ni vivyo hivyo: Paulo anamwombea Onesimo, lakini hamwambii Filemoni kwamba hakupoteza kitu. Anasema kama kuna deni liandikwe kwake yeye Paulo, naye atalilipa.

Kwa hiyo tuliandika. Na tulipomaliza, wawili wetu tulitia sahihi chini kwamba hatutadai tena. Maana yake kwetu ilikuwa mambo ya kawaida kabisa. Hatutayasimulia mbele ya watoto wake ili waone aibu. Akiugua hatutasema amelipwa. Tukikutana naye njiani hatutageuza uso. Na kila wazo la ndizi likirudi, maana linarudi, hasa saa za usiku, tutalikumbusha kwamba limo daftarini na limetiwa sahihi.

Mdogo wetu alilisoma daftari kwa taa. Kulikuwa na mstari ulioandikwa “shule”, na mbele yake tulikuwa tumeacha nafasi tupu ili aandike mwenyewe. Hakuandika kitu, wala hakutia sahihi. Akalifunga, akaturudishia.

Kuna ndugu watakaosema amekosa imani. Sisi hatuthubutu. Ardhi ya baba ilikuwa yetu sote na tuliweza kuiachilia pamoja, lakini ujana wake ni wake peke yake. Hakuna dada awezaye kumsamehe mtu kwa niaba ya dada yake, hata wawe wamelala kitanda kimoja utoto wao wote. Jambo hili linasahaulika mno katika vikao vya ukoo, ambapo wengi waliokosewa kidogo humzunguka mmoja aliyekosewa sana wakimhimiza afanye haraka chai inapoa.

Wengi wamesikia habari za Corrie ten Boom, mwanamke wa Uholanzi aliyekuwa fundi wa saa katika mji wa Haarlem. Yeye na jamaa yake waliwaficha Wayahudi nyumbani mwao wakati wa vita, wakakamatwa Februari 1944. Baba yake mzee alifia kifungoni, na dada yake Betsie akafa Desemba mwaka ule katika kambi ya Ravensbrück. Mwaka 1947 Corrie alikuwa Munich, Ujerumani, akihubiri juu ya msamaha, na baada ya ibada akaja mtu aliyekuwa askari wa kambi ile, akamnyoshea mkono, akaomba asamehewe. Corrie alisimulia mwenyewe kwamba mkono wake ulikataa kuinuka. Ilimbidi aombe kimoyomoyo apewe nguvu ya kuuinua tu, basi, hayo mengine Mungu ayaongeze. Habari hii husimuliwa kama habari ya kupeana mikono. Sisi tunapenda zaidi zile dakika kabla, mhubiri wa msamaha amesimama mbele ya watu na mkono umemgomea. Ikiwa Mungu hakumkemea yeye, tunaamini hamkemei mdogo wetu.

FUNGUO ZA STOO

Baada ya isale, baba mdogo alianza kuja nyumbani. Tulimpeleka kliniki ya kisukari kwa zamu. Tulipomtuma mtu kupeleka kahawa kwenye chama, hatukumtuma yeye. Alijitolea kutusimamia kihamba wakati tuko mbali, kwa nia njema tunadhani, nasi tukamshukuru na kumpa kazi hiyo kijana mwingine. Ndugu wengine waliuliza, “Mbona mlisema mmesamehe?” Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hilo si dhambi. Tulimsamehe kwa siku moja. Kumwamini kulihitaji miaka, na miaka yenyewe hakubaki nayo mingi.

Hebu msomaji amwangalie Yusufu. Aliuzwa na ndugu zake akiwa na umri wa miaka 17, na walipokutana tena Misri miaka kama 22 ilikuwa imepita. Hakujitambulisha siku ya kwanza. Alimzuia Simeoni, akadai waje na Benjamini, akaficha kikombe gunia la mdogo wao. Alitaka kuona kama bado ni watu wa kumwacha ndugu shimoni. Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya Benjamini, hapo ndipo Yusufu akashindwa kujizuia, akalia kwa sauti. Tena, jambo ambalo watu hulipita haraka: Yakobo aliishi Misri miaka 17, na alipokufa, wale ndugu waliingiwa na hofu upya kwamba sasa Yusufu atalipiza kisasi. Miaka 17 wamekula kwake na bado hawakuuamini msamaha wake. Yusufu akalia tena. Aliyesamehe naye ana mzigo wake, kwani anaweza kusamehe kweli na aliyesamehewa asiweze kulipokea.

Baba mdogo alikuwa hivyo. Kila alipokunywa chai kwetu aliomba radhi, hata ikawa inachosha. Mwishowe mkubwa wetu alimwambia, “Baba, kunywa chai.”

Alifariki mwaka 2017. Ukoo ulimwomba wa kati asome wasifu wa marehemu, kwa kuwa ana sauti nzuri na ni mwalimu. Hapo palikuwa na mtihani. Wasifu wa marehemu, kama tujuavyo, humfanya kila mtu malaika. Alikaa nao usiku kucha. Alisoma tarehe za kuzaliwa na kubatizwa, ndoa, watoto, miaka aliyotumika usharikani. Mahali palipoandikwa kwamba aliwalea watoto wa kaka yake kama wanawe, alipapita bila kupasoma. Kisha akaongeza kwa kinywa chake kwamba marehemu alijua kuomba radhi, na kwamba hilo aliliona kwa macho yake. Watu wa kijiji kile walielewa yote mawili. Mdogo wetu alikuwapo, ameketi nyuma karibu na wapishi.

Yeye, tuseme hili pia, alijisomea ukubwani. Alifanya mtihani wa maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne akiwa na watoto wawili, akafaulu. Leo ni karani, na mambo ya fomu na mihuri anayajua kuliko sisi wote.

Miezi michache baada ya mazishi alikuja mama mdogo, mjane wa marehemu, na kitenge chake cha msiba. Shemeji zake walikuwa wameanza kuhesabu migomba. Hakwenda kwa mkubwa wetu wala kwa mwalimu. Alimwuliza mdogo wetu jinsi mama yetu alivyofanya mwaka ule. Mdogo wetu akaomba likizo ya siku nne, wakapanda pamoja gari la asubuhi, akaketi naye mahakama ya mwanzo akimjazia fomu na kumwonyesha pa kuweka dole gumba. Alikwenda naye mara tatu, mpaka usimamizi ukatoka kwa jina la mjane mwenyewe.

Aliporudi mara ya tatu tulimwuliza kama sasa tulitoe lile daftari. Alikuwa amechoka, amevua viatu. Akasema aliyoyafanya ni ya mama mdogo, si ya baba mdogo, na tusichanganye. Tukampakulia chakula.